Kazi Iliyozaliwa na Mng'aro

Kazi nyingi za usafi huondoa kitu ambacho hakuna aliyekitaka: vumbi, matope, masizi, mafuta ya jikoni. Kuchubua polishi ya sakafu ni kazi ya namna nyingine. Anayeifanya huondoa kitu kilichonunuliwa kwa fedha, kikapakwa kwa uangalifu na kusifiwa kilipokauka. Akishakiondoa chote hukipaka upya, akijua fika kwamba baada ya miezi kadhaa ataitwa tena kukiondoa. Marekani, ambako kazi hii ina mashine zake, dawa zake na mafundi wake, shule huchubuliwa sakafu watoto wakiwa katika likizo ndefu ya kiangazi, na maduka makubwa huchubuliwa usiku wateja wakiwa wamelala. Ni rahisi kudhani kwamba haya yote yaliletwa na uchafu: watu ni wengi, viatu vina mchanga, basi lazima pasafishwe. Historia inaeleza vingine. Kazi hii imezaliwa na mng'aro wenyewe, na kila uvumbuzi ulioahidi kuipunguza umeihamisha tu kutoka bega moja kwenda jingine, bila kuimaliza.

Ushahidi wa kwanza uko Ufaransa, katika kasri la Versailles. Sakafu zake za marumaru zilipooshwa kwa maji mengi, maji yalipenya chini na kuozesha boriti za mbao zilizozibeba. Mwaka 1684 marumaru hizo zikaanza kung'olewa na mahali pake zikawekwa mbao zilizosukwa katika miraba mikubwa, mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina la kasri hilo. Boriti zikapona. Lakini sakafu ya mbao haimwagiwi maji kwa ndoo. Hutunzwa kwa nta, na nta haing'ai mpaka isuguliwe. Hivyo nyumba za wakubwa zikahitaji mtumishi wa aina mpya, mwanamume aliyejifunga brashi miguuni na kuteleza nayo chumba kizima, huku na huko, mpaka mbao zikaonyesha taa za dari. Tatizo la maji lilikuwa la fundi ujenzi na lilikwisha siku mbao zilipowekwa. Tatizo la mng'aro likawa la mtumishi, na halikuwa na siku ya mwisho.

Huko Ufaransa ndiko pia tunakopata picha mashuhuri ya kuchubua sakafu kwa mikono. Mwaka 1875 Gustave Caillebotte alichora wanaume watatu vifua wazi, wamepiga magoti katika chumba kimoja cha Paris, wakiparua mbao kwa randa na vyuma vya kukwangulia. Waamuzi wa maonyesho rasmi ya mwaka huo waliukataa mchoro. Ukaonyeshwa mwaka uliofuata pamoja na kazi za wachoraji wenzake waliokuwa wakienda kinyume na mtindo wa wakati ule, na sasa umo katika Makumbusho ya Orsay. Ukiutazama kwa jicho la fundi, mchoro huo ni hati ya kazi: mistari ya mbao iliyokwisha kuparuliwa, myeupe na mikavu, inapishana na mistari ambayo bado ina vanishi nyeusi inayong'aa. Mwangaza wa dirisha unaocheza juu ya vanishi ile ndio uzuri wa mchoro, na ndio hasa kinachoondolewa.

Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na mchanganyiko wake: nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwa tapentaini, ikapakwa kwa kitambaa na kusuguliwa mpaka ishike. Aliyeisugua alikuwa msichana wa kazi, na alifanya hivyo kwa magoti. Kazi hiyo ya kupiga magoti ilizoeleka kiasi kwamba uvimbe wa mbele ya goti uliingia katika vitabu vya udaktari kwa jina la mjakazi wa nyumbani. Jambo la kuzingatia ni kwamba hadi hapo mng'aro ulikuwa alama ya tabaka. Sakafu iliyong'aa ilimwambia mgeni, kabla hajakaribishwa kiti, kwamba katika nyumba hii kuna mikono ya kutosha ya kuisugua. Maskini alikuwa na sakafu ya udongo au ya mbao tupu, akaifagia, na ikawa safi bila kumwonyesha mtu uso wake.

Mng'aro ulivyohama kutoka kasri na kufika nyumba ya kawaida ni habari ya biashara, na mji wa Racine katika jimbo la Wisconsin unaieleza waziwazi. Mwaka 1886 Samuel Curtis Johnson alinunua biashara ya sakafu za mbao zilizokatwa kwa urembo. Wateja wake wakaanza kumuuliza swali ambalo muuza sakafu hakuwa amelitegemea: tukishaweka, tunaitunzaje? Johnson akachanganya nta yake mwenyewe, akaanza kuiuza pamoja na mbao. Kufikia mwaka 1898 nta na dawa nyingine za mbao zilikuwa zinampatia mauzo makubwa kuliko sakafu zenyewe, na mwaka 1917 kampuni ikaacha kabisa kuuza sakafu. Mambo hayo mawili yana uzito kuliko maelezo marefu. Sakafu hununuliwa mara moja katika maisha ya nyumba. Nta hununuliwa kila inapokwisha. Mfanyabiashara aliyeona hivyo hakuwa na sababu ya kutamani sakafu isiyohitaji kitu.

Nta nayo ilikuwa na jasho lake, mbali na sakafu iliyokuja kung'arishwa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 63, kwa hiyo hulainika upesi na kunasa vumbi. Watengenezaji walitaka kitu kigumu zaidi, wakakipata katika mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, uitwao karnauba, ambao nta yake huvumilia joto mpaka nyuzi 80 na zaidi. Majani yake hukatwa wakati wa kiangazi, huanikwa juani, kisha hupigwa mpaka unga wa nta uanguke. Mwaka 1935 mjukuu wa Johnson aliruka kwa ndege ndogo kutoka Racine hadi Fortaleza ili aone mwenyewe miti hiyo na kujua kama itatosha. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sehemu yake katika biashara ya nta. Wafugaji wa nyuki wa misitu ya miombo, hasa Unyamwezi, walitundika mizinga ya magome na magogo juu ya miti, wakala asali na kuuza nta. Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa melini tangu enzi ya Wajerumani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na chini ya Waingereza Tanganyika ikawa mmoja wa wauzaji wakubwa wa nta ya nyuki ulimwenguni. Katika nchi za viwanda nta ya aina hiyo ilikuwa malighafi ya mishumaa, vipodozi na polishi. Kwa hiyo anayehesabu gharama ya sakafu inayong'aa hana budi kuanzia juu ya mti.

Karne ya 20 ilikuja na ahadi tatu. Ya kwanza ilikuwa sakafu mpya. Mwingereza Frederick Walton alikuwa ameshasajili uvumbuzi wake wa linoliamu mwaka 1863, sakafu ya kukunjua iliyotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa gome la mkoki. Mwaka 1933, katika maonyesho makubwa ya Chicago, vikaonyeshwa vigae vya vinili vilivyochanganywa na asbesto, na baada ya Vita Kuu ya Pili vigae hivyo vikatandazwa katika shule, ofisi na hospitali za Marekani. Ahadi ya pili ilikuwa mashine. Kufikia miaka ya 1920 mashine za umeme za kupigia polishi zilikuwa zinauzwa, na umbo lililoshinda ni lile linaloonekana hadi leo: mota juu ya brashi au pedi moja ya duara, mpini mrefu, mizunguko ipatayo 175 kwa dakika. Ahadi ya tatu ilikuwa polishi inayojing'arisha. Kampuni ileile ya Racine ilitoa mwaka 1932 nta iliyochanganywa na maji, ambayo hupakwa ikakauka na kung'aa bila kusuguliwa. Mtu angetazamia kwamba ahadi hizo tatu zikikutana, kazi ya sakafu itaisha.

Haikuisha, na sababu imo ndani ya dawa yenyewe. Nta ya zamani ilikuwa inaliwa na viatu. Kilichobaki kilisuguliwa na kuongezewa kidogo. Polishi ya maji hukauka ikawa tabaka, na juu ya tabaka hupakwa tabaka jingine. Vumbi linanaswa katikati, rangi inageuka njano, na pembeni mwa kuta, mahali viatu visipofika, matabaka yanarundikana. Baadaye nta ikapisha polima za akriliki zilizofungwa kwa zinki, nazo ni ngumu, hazikwaruziki upesi na hazitoki kwa sabuni ya kawaida. Ugumu huo ndio uliosifiwa dukani. Lakini kitu kisichotoka kwa sabuni kinahitaji dawa ya kukitoa, na wakemia wakaiandaa sambamba: maji makali ya alkali yenye amonia au dawa za jamii yake, ambayo huvunja kifungo cha zinki, pamoja na vimumunyisho vya kulainisha akriliki. Kifungo na ufunguo wake viliuzwa kwa mnunuzi yuleyule. Tangu hapo kuchubua hakukuwa ajali ya matunzo mabaya. Kulikuwa sehemu ya mpango.

Ufundi uliozaliwa hapo si wa kudharauliwa. Dawa humwagwa na kuachwa dakika kumi hivi, na haitakiwi kukauka, kwani ikikauka polishi iliyoyeyuka hushika upya. Mashine hufungwa pedi nyeusi, iliyo kali kuliko zote. Nyekundu na nyeupe ni za kung'arishia. Mashine ya pedi moja haisukumwi. Mwendeshaji akiinua mpini kidogo inakwenda kulia, akiushusha inakwenda kushoto, na asiyejua hilo hugongwa ukutani na mashine yake mwenyewe. Kisha tope la polishi hunyonywa, sakafu husuuzwa mara mbili ili alkali iishe, na polishi mpya hupakwa kwa matabaka membamba matatu hadi matano, kila moja likisubiri la chini yake likauke. Wakati wote huo sakafu inateleza kuliko barafu na hakuna anayeruhusiwa kuikanyaga. Ndiyo maana kazi hii ikasukumwa usiku.

Usiku huo uliificha kazi kwa wanaonufaika nayo. Kasri la Versailles halikuweza kumficha msuguaji wake. Jengo la ofisi la Los Angeles liliweza. Miaka ya 1980 wamiliki wa majengo ya mji huo waliachana na wafanyakazi wao wa usafi na kuwapa kazi makandarasi, ujira ukashuka, na wengi walioifanya wakawa wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Tarehe 15 Juni 1990 wasafishaji waliogoma waliandamana katika eneo la Century City, polisi wakawapiga mbele ya kamera. Baada ya siku hiyo chama chao kilipata mkataba, na tarehe hiyo ingali inaadhimishwa kila mwaka. Hawakuwa wachubuaji wa sakafu peke yao. Walikuwa pia wafuta madirisha na wamwaga taka. Lakini walichokidai kinaeleza kiini cha jambo hili: mchana jengo linang'aa kana kwamba linajing'arisha lenyewe, na mtu asiyeonekana ni rahisi kumlipa kidogo.

Mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan alionyesha jambo linalofanana na hili kuhusu nyumba, katika kitabu chake More Work for Mother cha mwaka 1983. Mashine za nyumbani, alisema, hazikumpunguzia mama kazi kama zilivyoahidi, kwa sababu kiwango cha usafi kilichotarajiwa kilipanda pamoja nazo. Sakafu za majengo ya umma zinaipa hoja hiyo nguvu zaidi. Mashine ya mizunguko 175 ilipozoeleka, mng'aro wake ukawa kitu cha kawaida. Kufikia miaka ya 1980 zilikuwapo mashine za mizunguko 1,500, na nyingine zaidi ya 2,000, zinazoipa polishi sura ya maji yaliyotulia, na maduka yakaanza kung'arishwa kila usiku. Kasi haikumrudisha mfanyakazi nyumbani mapema. Ilimwongezea eneo.

Kuna watakaopinga, na pingamizi lao la kwanza lina haki: polishi inalinda sakafu. Kigae cha vinili ni laini, mchanga ulio kwenye viatu hukikwaruza, na tabaka la polishi huumia badala yake. Ni kweli. Lakini ulinzi na mng'aro ni vitu viwili. Mkeka mzuri mlangoni huzuia mchanga kabla haujafika, na zipo sakafu zinazotoka kiwandani zikiwa na ngozi ngumu isiyohitaji kuchubuliwa. Kama ulinzi ndio ungekuwa lengo, tabaka lisilong'aa lingetosha. Wengine husema sakafu inayong'aa ni safi. Wahenga walikwisha kujibu kwamba nyumba njema si mlango: mng'aro unaonyesha jinsi mwanga unavyorudi, hauonyeshi vijidudu vimeondoka. Mng'aro ulitia hata hofu ya kuanguka, na watengenezaji wa polishi wakalazimika kuthibitisha kwa kipimo kwamba dawa yao haitelezi kupita kiasi. Katika Marekani kipimo kilichokubaliwa ni msuguano usiopungua 0.5.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mashine ilimwinua mjakazi kutoka magotini. Anayelipuuza hilo hajawahi kufikiria maana ya kusugua ukumbi mzima kwa kitambaa. Goti lilipona. Hata hivyo madhara hayakufutika, yalibadilisha kiungo. Dawa za kuchubulia huunguza ngozi na macho, na tafiti za afya kazini zimewakuta wafanya usafi wakiwa na pumu kuliko watu wa kazi nyingine nyingi. Habari ya asbesto ni ushahidi mkali zaidi. Vigae vile vya Chicago vilikuwa salama kiasi vikiachwa vilivyo, lakini pedi kali ikivikwangua nyuzi za asbesto zinaweza kuruka hewani. Mwaka 1990 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani likashauri kuchubua kuepukwe kadiri iwezekanavyo, labda mara moja au mbili tu kwa mwaka, sakafu ikiwa imelowa, kwa pedi isiyo kali na mashine ya mwendo wa polepole. Soma ushauri huo kinyumenyume: kwa miongo kadhaa watu waliamriwa kukwangua mara kwa mara kitu ambacho hakikupaswa kukwanguliwa, ili kiendelee kung'aa.

Pingamizi la tatu huulizwa na wenye huruma: je, kazi hii ikipungua, wanaoishi kwayo watakula nini? Swali hilo lingekuwa na nguvu kama mshahara wa kuchubua ungekuwa umewatajirisha. Historia ya Los Angeles inaonyesha kwamba kilichoinua maisha yao ni mkataba, wala si wingi wa polishi. Mtu anayejua kuendesha mashine ile bila kuchana kigae ana ufundi unaohitajika kila penye sakafu, na ufundi huo unalipika vizuri zaidi mchana, bila amonia kifuani.

Pwani yetu iliwahi kujibu swali la sakafu kwa njia tofauti. Katika nyumba za mawe za Unguja na Mombasa, chokaa ilimwagwa juu ya boriti za mikoko na mawe, ikapondwa kwa siku nyingi na watu waliojipanga wakiimba, mpaka ikashikana. Ilikuwa kazi nzito, lakini iliwekwa ndani ya sakafu wakati wa kujenga, mara moja, hadharani na kwa wimbo. Baadaye ukoloni ulileta nyumba za saruji zenye sakafu nyekundu za kupigwa polishi, na watumishi wa nyumbani, ambao wengi walikuwa wanaume, wakazisugua kwa magoti kama wasichana wa Uingereza. Tofauti ya sakafu hizo mbili si ya uzuri. Ni ya mahali jasho linapowekwa: mwanzoni, au kila wiki, maisha yote ya nyumba.

Leo vigae vya kauri vimeondoa polishi katika nyumba nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, na hilo ni jema. Anayejenga shule, zahanati au duka na kuletewa vitabu vya sampuli za vinili asiangalie bei ya mita ya mraba peke yake. Amuulize muuzaji sakafu hii itachubuliwa mara ngapi kwa mwaka, kwa dawa gani, saa ngapi, na nani atalipwa kiasi gani kuifanya kazi hiyo. Muuzaji akishindwa kujibu, bei aliyoitaja si bei ya sakafu. Ni malipo ya kwanza tu.